Muulize Anko wa Muziki: Mwalimu wangu haongei

SWALI: Shikamoo anko. Mi ni binti wa miaka 19, nipo Igoma, Mwanza, napiga kinanda kwenye kwaya ya parokia yetu. Mwaka huu nimepata mwalimu wa piano, mzee mmoja mstaafu wa huku Nyakato, namlipa elfu kumi kila kipindi. Shida yake haongei. Nikimaliza kupiga anaangalia dirishani, anasema "rudia", basi. Juzi nikamuuliza mbona hunielekezi, akasema nenda kamtafute Michelangeli ndo urudi. Nimetafuta kwenye simu naletewa yule mchonga sanamu, Michelangelo. Huyu wa piano ni nani, na je huyu mzee ananitendea haki au anakula hela yangu tu?

JIBU: Marahaba mwanangu. Huyo mchonga sanamu anawapoteza wengi, ukitafuta tena andika jina lote, Arturo Benedetti Michelangeli. Ni mpiga piano wa Brescia, kaskazini mwa Italia, kazaliwa Januari 1920, kafariki Juni 1995 kule Lugano, Uswisi. Mwaka 1938 alienda kushindana Brussels akashika nafasi ya saba (kwetu huku kwaya ikishika ya saba mwalimu anafukuzwa kabla basi halijafika Nyegezi), mwaka uliofuata akaenda Geneva akawa wa kwanza, na kuanzia hapo jina likatoka.

Sifa yake kubwa ni usafi wa upigaji. Nilikuwa kwenye kivuko cha Kamanga siku moja, earphone masikioni, nasikiliza ile konseto (muziki wa piano na orkestra) ya G, ya mtunzi Mfaransa Ravel, aliyorekodi Michelangeli 1957, sehemu ya pili, ile ya polepole. Mkono wa kushoto unaenda moja-mbili-tatu, moja-mbili-tatu, haubadiliki kabisa, na wa kulia unaimba juu yake kama mtu anayetembea ufukweni jioni hana haraka na mtu, orkestra yote imekaa kimya inamsubiri, halafu ndo filimbi inaingia. Injini ya kivuko inanguruma, mama pembeni yangu ana kuku wawili kwenye kapu, na bado kila noti nilikuwa naisikia imekaa peke yake. Mtu wa hivyo hakuwa na nyimbo nyingi za kupiga jukwaani, alichagua chache akazisugua miaka na miaka.

Sasa ualimu wake, maana hapo ndo mzee wako anapokurushia fumbo. Alifundisha Bologna, Bolzano, Arezzo na kwingine, na kati ya waliopita kwake ni Maurizio Pollini na yule dada wa Argentina, Martha Argerich. Argerich alikaa kwake karibu mwaka mmoja na nusu, masomo aliyopata ni manne. Manne, mwanangu! Watu wanaipenda sana hadithi hii, wanaisimulia kama vile ukimya wenyewe ndo ulikuwa somo, mi naona wanaruka kitu. Argerich kabla ya kufika kwake alishashinda mashindano ya Bolzano na ya Geneva, yote mwaka 1957, akiwa na miaka 16. Vidole vyake vilishajua njia. Na hata hivyo baada ya kutoka pale alikaa kipindi kirefu bila kupiga, ndo akaja kuibuka Warsaw 1965 akashinda, kwa hiyo hayo masomo manne sijui tumpe nani maksi zake.

We bado unaanza, unatakiwa uambiwe kidole gumba kipite wapi, kiwiko kisipande, pedali uiachie lini. Ila usimkimbie mzee kabla hujampima. Siku akisema "rudia", muulize kwa adabu, "Babu, nirudie kuanzia wapi?" Akikuonyesha mstari na noti iliyokosewa, ujue alikuwa anakusikiliza muda wote, kaa naye. Akisema "kote tu", hiyo elfu kumi kanunulie nota.

SWALI: Anko habari. Ni kweli huyo Mtaliano unayempendaga alikuwa anasafiri na piano yake mwenyewe? Si maringo hayo? Sisi shuleni kwetu huku karibu na ziwa tuna piano ya zamani, masika yakifika funguo zinagoma kurudi juu.

JIBU: Salama. Ni kweli, na fundi wake alikuwa anasafiri naye, na piano isipomridhisha alikuwa anafuta onyesho hata kama tiketi zimeisha. Maringo yalikuwepo, siwezi kumtetea. Lakini piano ni mbao, sufu na nyaya, hewa ikiwa na unyevu mbao na sufu vinavimba, we mwenyewe unaiona hapo shuleni. Cha kuchekesha, mwaka 1968 kampuni ya rekodi aliyokuwa na hisa ilifilisika, piano zake zikakamatwa kwa ajili ya madeni, akaudhika akahamia Uswisi. Nyumbani Brescia alikuja kupiga tena 1980, kumkumbuka Papa Paulo wa Sita ambaye naye ni wa hukohuko.

Ya kwenu isogezeni mbali na dirisha la upande wa ziwa na isigusane na ukuta, masika muwe mnaifunga mfuniko mkimaliza. Wazee walikuwa wanawasha kabalbu kadogo ndani kwa chini ili kakaushe hewa, ila mwiteni fundi aifunge vizuri isije ikagusa mbao. Na mwambieni mkuu wa shule vitabu visipangwe juu yake, ile siyo kabati.