Jaza maji ukingali Tebay, Shap haitakungoja

Mdogo wangu, usiitoe hiyo treni Tebay namna hiyo! Umeandika kwamba utapanda Shap, mlima wa reli kule Uingereza unaoanzia Tebay, kwenye Open Rails (mchezo wa kompyuta wa kuendesha treni), na mashine ya mvuke Black Five, tani 400 nyuma yako, rivasa (mkono unaopanga mvuke uingie silinda kwa sehemu gani ya safari ya pistoni) asilimia 75, regileta (vali ya kupeleka mvuke kwenye silinda) mpaka mwisho, maji nusu ya kioo cha kupimia maji ya boila na mengine "utaongeza njiani". Umeuliza pia joystick gani inafaa kununua. Ya joystick tutaiona. Hili la maji ndilo limenifanya niandike, kwa sababu nililifanya hivyohivyo kwa muda mrefu na najua mwisho wake: presha imeanguka, treni imesimama katikati ya mlima, kioo cheupe bila maji, plagi ya usalama ya tanuri imeyeyuka, na safari ya saa nzima unaianza upya, kama umeme wa Kampemba, Lubumbashi, utakuachia.

Shika hili moja: maji na moto vinaandaliwa chini ya mlima. Mlimani unakula ulichobeba.

Piga hesabu. Mpando wa Shap kutoka Tebay ni 1 kwa 75 (unapanda mita 1 kila mita 75), urefu karibu kilomita 6.4. Mabehewa tani 400, mashine na tenda yake (behewa la maji na makaa) kama tani 126, jumla 526. Kwenye 1 kwa 75 kila tani inakuvuta nyuma kwa kilo 13 na kitu, na msuguano wa magurudumu unaongeza kilo kama 4. Unahitaji nguvu ya tani 9 hivi bila kupumzika, na Black Five kwenye karatasi ina tani 11.5. Akiba ni ndogo! Tena hiyo 11.5 inahesabiwa kwa presha iliyo karibu kujaa. Presha ikishuka kutoka pauni 225 kwa inchi ya mraba mpaka 170, umepoteza robo ya nguvu, na akiba yote imekwisha.

Sasa ndipo injekta, kifaa kinachosukuma maji ya tenda kuingia boila, inapokuua. Maji ya tenda ni baridi, ya boila yako karibu nyuzi 200. Zaidi ya robo ya joto linalotengeneza mvuke linaishia kuyapasha moto hayo maji baridi tu, kabla hayajatoa hata tone la mvuke. Kwa mwendo wa kilomita 35 kwa saa utapanda dakika 11, na mashine itakunywa karibu lita 1,500. Ukiingia na nusu kioo, lazima uyaingize yote hukohuko juu, wakati ambapo moto umeshaelemewa. Hata nyumbani, bukari ikiwa juu ya mbabula na unga umeshaingia, nani anamwaga jagi la maji baridi kwenye sufuria? Utakaa unakoroga uji mpaka jioni. Maji yote yanachemka kwanza, unga unafuata.

Na kinachonikasirisha ni yule mwenye video anayefundisha watu "fungua vyote mpaka mwisho, steam itakuja yenyewe". Haiji yenyewe! Huyo anaendesha mvuke kama umeme. Reli ya Likasi–Tenke ya Katanga iliwekewa umeme tangu 1952, na pale mashinisti akisukuma mkono, nguvu inatoka kwenye waya, haiishi. Black Five haina waya. Nguvu yake yote iko ndani ya boila na juu ya ule moto. Rivasa ukiiacha 75, mvuke unaingia kwenye silinda karibu safari nzima ya pistoni, haupati nafasi ya kutanuka, unatupwa kwenye chimni ukiwa bado na nguvu. Tena ule mpigo mkali unanyanyua makaa na kutoboa matundu kwenye moto, hewa baridi inapita hapo, presha inashuka zaidi. Watu wangapi wamemfuata huyo wakaacha mchezo wakidhani mashine ni mbovu?

Kwa hiyo simama Tebay. Si aibu: treni nyingi za kweli zilisimama palepale kungoja mashine ya kusukuma nyuma. Bonyeza F5 usome namba. Fungua dampa (mlango wa hewa chini ya moto), weka blowa (mvuke unaovuta hewa kwenye chimni), jenga moto kwa makaa kidogokidogo. Moshi wa kijivu chepesi ni sawa; ukiwa mweusi mzito umezidisha, na makaa mabichi yanaupoza moto kwanza kabla ya kuusaidia. Wakati presha inapanda, ingiza maji kwa injekta moja mpaka robo tatu ya kioo. Usijaze mpaka juu kabisa: maji yatavutwa pamoja na mvuke yaingie kwenye silinda, na hapo utafungua vali za silinda kwa kitufe cha C kuyatoa huku nguvu ikipotea. Ondoka presha ikiwa 215 mpaka 220. Ukingoja 225 vali ya usalama inafunguka, unamwaga hewani kile ulichokiandaa.

Kuondoka, rivasa 75 kwa mita chache tu, regileta polepole, mchanga kwa X kabla gurudumu halijateleza. Treni ikishika mwendo, rudisha rivasa 60, kisha 45 au 50, na regileta ndiyo ufungue wazi. Blowa unaweza kuizima, mpigo wa chimni unavuta hewa wenyewe. Injekta moja tu, imefunguliwa kidogo. Presha ikigusa 190, funga injekta hiyo dakika mbili au tatu, uache kioo kishuke kidogo: hiyo ndiyo akiba uliyoiweka Tebay, itumie.

Ila kwenye mashine ya kweli kioo cha kupanda kinadanganya. Kiko nyuma ya boila, upande wa mashinisti, na chimni ikiwa mbele maji yote yanakimbilia nyuma kwako. Boila ya mita 6 kwenye 1 kwa 75 inainama sentimita 8. Ukivuka kilele maji yanarudi mbele, na ukifunga regileta ghafla yanatulia chini zaidi, kwa hiyo kilichoonekana nusu kinaweza kuwa karibu na sifuri, na paa la tanuri liko wazi juu ya moto. Ndiyo maana nusu kilomita kabla ya kilele, moto ukiwa bado mkali, fungua injekta zote mbili. Presha ikishuka hapo haidhuru, mlima umekwisha. Washa blowa kwanza, ndipo urudishe regileta, na uiache wazi kidogo mpaka uone kioo kimetulia juu ya robo.