Maswali na majibu: Mserbia wa zama za kati alikuwa nani?

Swali: Je, ni kweli kwamba taifa la Serbia lilizaliwa katika vita vya Kosovo?

Jibu: Hapana. Lazar, bwana aliyewaongoza Waserbia, na Sultani Murad I wa Waosmani (Waturuki) walipouawa vitani Kosovo mwaka 1389, milki ya Serbia ilikuwa imekwisha kugawanyika mikononi mwa mabwana kadhaa. Lazar alianza kuheshimiwa kama mtakatifu muda mfupi baadaye, lakini maana ya kitaifa ya siku hiyo ilipata nguvu hasa katika karne ya 19, baada ya uasi wa Waserbia wa 1804 dhidi ya Waosmani na baada ya Vuk Karadžić, mkusanyaji wa fasihi simulizi, kuchapisha tenzi zilizokuwa zikiimbwa vijijini.

Swali: Basi watu wa zama zile waliunganishwa na nini?

Jibu: Waliunganishwa na ukoo wa kifalme na Kanisa, na kwa maoni yangu hapa ndipo penye kiini cha suala zima. Stefan Nemanja, mtawala aliyeanzisha ukoo huo, alijiuzulu mwaka 1196, akawa mtawa kwa jina la Simeon, akafariki katika monasteri ya Hilandar kwenye Mlima Athos. Mwanawe Stefan alitawazwa kuwa mfalme mwaka 1217 kwa taji lililotoka kwa Papa Honorius III, na miaka miwili baadaye mwanawe mwingine, Sava, akapewa na patriaki wa Konstantinopoli (mkuu wa kanisa la Kigiriki), aliyekuwa akiishi Nikea wakati huo, idhini ya kuanzisha kanisa linalojitawala. Ndugu hao wawili waliandika kila mmoja wasifu wa baba yao, hivi kwamba mtakatifu, mfalme na askofu mkuu wakatoka nyumba moja, na uaminifu kwa nyumba hiyo ukawa sehemu ya ibada yenyewe.

Swali: Sheria za Dušan, mfalme mkuu wa Serbia wa karne ya 14, hazikumtambua Mserbia?

Jibu: Zilimtambua, kwa kuwa sheria hizo za 1349 zinawataja Waserbia, Wagiriki, Wavlaki na Waalbania. Hata hivyo, lililopima adhabu ni tabaka: kabaila aliyemtukana mtu wa kawaida alilipa perpera 100 (fedha za wakati huo), ilhali mtu wa kawaida aliyemtukana kabaila alilipa kiasi hichohicho, tena akaunguzwa kwa moto. Mkulima wa Kiserbia na bwana wake hawakuwa raia wenza kwa maana tuijuayo sisi.

Swali: Jina la Mserbia lilidumuje chini ya Waosmani?

Jibu: Smederevo, mji mkuu wa mwisho wa Serbia ya zama za kati, ilianguka mwaka 1459, lakini upatriaki wa Peć, yaani uongozi wa kanisa la Kiserbia, ulirudishwa 1557 ukadumu hadi 1766, na makasisi wake waliendelea kuwataja wafalme wa ukoo wa Nemanja katika sala zao kama watakatifu.