Una Hashimoto? Tuongee kuhusu kumeza dawa

Jamani wenzangu wa thairoidi, leo niongee kitu kimoja tu, kumeza kidonge, maana naona watu wengi wanalalamika dawa haifanyi kazi kumbe haijaingia mwilini vizuri.

Kwa mgeni: Hashimoto ni kinga ya mwili wako yenyewe inaigeukia ile tezi ya shingoni (ndo thairoidi yenyewe), inaila taratibu mpaka inashindwa kutoa homoni za kutosha, ndo unaanza kuchoka bila sababu, unasikia baridi peke yako wenzio wanajipepea, choo kigumu, nywele zinabaki kwenye kitana. Ilielezewa na daktari Mjapani Hakaru Hashimoto mwaka 1912. Ugonjwa wa Graves ni ndugu yake lakini huko tezi inazidisha homoni, dawa ni nyingine kabisa, usiazime.

Haya, levothairoksini, ndo kidonge chetu cha kujazia homoni ya tezi, inataka tumbo tupu na maji matupu. Mimi kichupa kinalala pembeni ya kitanda na glasi ya maji, nikifumbua macho nameza hata kabla sijashika simu, halafu chai au kahawa nasubiri lisaa limoja (nusu saa ndo kiwango cha chini, na kahawa ni msumbufu kweli). Vidonge vya chuma na kalsiamu viweke mbali masaa 4, mimi navisogeza usiku kabisa.

Halafu subira. Dozi ikibadilishwa usitegemee kuamka mpya wiki ijayo, hii dawa inajijenga polepole ndo maana TSH (kipimo cha damu kinachoonyesha kama homoni ya tezi inatosha) inarudiwa baada ya wiki 6 hadi 8, ukipima mapema unapata namba ya kukuchanganya tu. Na ukijisikia vizuri usiache, umejisikia vizuri kwa sababu unameza!

Kama unatumia biotini ya nywele na kucha mwambie daktari, isimamishe angalau siku 2 kabla ya kutoa damu maana inavuruga majibu. Hivi virutubisho vya mwani vinavyosifiwa eti vinaponya tezi, mimi siviamini, iodini ikizidi inaweza kuizidishia Hashimoto.

Dada zangu, ukigundua una mimba usingoje tarehe ya kliniki, mpigie daktari siku hiyohiyo, dozi mara nyingi inapandishwa mapema kwa sababu miezi ya mwanzo mtoto anategemea homoni zako.