Hao nyuki weusi hawaibi asali
Unauliza kama nyuki hao watavamia mzinga wako wa asali. Hapana, hawatauvamia. Hao nyuki wakubwa weusi wanaotoboa nguzo ya banda lako hapo Kakamega hawana haja na asali yako. Jike huchimba tundu kwenye mbao kavu, la mviringo kabisa, upana kama sentimita 1 (angalia chini, utaona unga wa mbao), humo anaweka chavua na mayai. Tena mapasheni yanawategemea sana kwa uchavushaji, nyuki wa asali ni mdogo mno kwa ua lile. Dume hana mwiba, kelele tu. Shida ni nguzo, itadhoofika polepole. Ipake rangi, ila dawa ya wadudu usipulize, utamaliza mzinga wako mwenyewe.