Barua kwa Mwanangu Somoe: Masta Haiishii Darasani

Newala, Juni

Mama yangu Somoe,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, mara ya pili nikiwa shambani, bomba la salfa mgongoni. Uliuliza hivi: "Baba, nataka kusoma masta ya sayansi ya kompyuta. Wanataka nini hasa mpaka mtu aipate? Na mimi niliyesoma hisabati na takwimu, watanipokea?" Ningekupigia, ila humu kuna jambo moja ambalo mdomo wangu umekataa kulisema miaka yote, nikaona heri kalamu.

Nianze na kupokelewa, maana hilo ndilo jepesi. Tume ya Vyuo Vikuu imepanga tuzo za elimu kwa ngazi kumi: shahada ya kwanza ni ya nane, masta ya tisa, udaktari wa falsafa ya kumi. Kutoka ya nane kupanda ya tisa, vyuo vyetu kwa kawaida vinataka GPA, yaani wastani wa alama zako zote, isiyopungua 2.7 kati ya 5. Wewe una 3.1, daraja la pili la chini. Ulilia siku ile, unakumbuka? Leo ndilo linakufungulia mlango. Watakalokuuliza ni fani. Hisabati ni jirani wa kompyuta, ukuta kwa ukuta, lakini wapo watakaokutaka kwanza ujazie masomo ya chini: kuandika programu, miundo ya data, mifumo endeshi, mitandao, hifadhidata. Wakikuambia hivyo usinune. Hayo usipoyajua, muhula wa kwanza utakuumbua mbele za watu.

Kwa kuwa uko Dar, anzia Kijitonyama, kwenye Ndaki ya TEHAMA ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Dodoma nao wana ndaki yao kubwa ya mambo hayo, na Arusha kuna Taasisi ya Nelson Mandela. Ada kaulize mwenyewe dirishani, usitegemee ya kuambiwa na mtu wa mwaka juzi.

Sasa ndani. Masta yetu ina krediti 180, na krediti moja ni saa kumi za kazi: darasani, maabara, kujisomea, kuandika, vyote humo. Fanya hesabu wewe mtoto wa mwalimu. Ni saa 1,800. Ukiwa kazini huku unasoma, tuseme unapata saa 20 kwa wiki, tena za kweli, zisizo za kushika simu. Ni wiki 90. Hapo hujaugua, hujahudhuria msiba, hujaenda harusini kwa shangazi yako. Na ile C uliyoizoea shahada ya kwanza kuwa ni kupita, huku haikupitishi, wanaanzia B.

Usije ukadhani utakwenda kufundishwa kutengeneza programu za simu. Hizo vijana wa mtaani wanatengeneza bila cheti, tena vizuri. Chukua orodha ya wakulima 10,000 wa vyama vyetu vya msingi, uipange majina kwa alfabeti. Ukilinganisha kila jina na kila jina, utalinganisha karibu mara milioni 50. Ukiikata orodha nusu, na nusu nusu tena, mpaka libaki jina moja moja, halafu ukaanza kuviunganisha vipande vilivyokwisha pangwa, unalinganisha kama mara 120,000 tu. Njia hiyo ni ya mwanahisabati John von Neumann, ya mwaka 1945. Jibu ni lile lile, majina ni yale yale, lakini tazama tofauti ya jasho. Kwenye masta hawatosheki na programu kufanya kazi. Wanataka uthibitishe kwa kalamu itapiga hatua ngapi orodha ikikua mara kumi, na kama inawezekana kwenda chini ya hapo. Watakupeleka mpaka kwa Alan Turing, mwanahisabati Mwingereza, ambaye mwaka 1936 alionyesha kwamba yapo maswali ambayo hakuna mashine itakayoweza kuyajibu yote, hata uipe muda gani. Huko ndiko hisabati yako itakapokulipa. Wenzako waliosoma kompyuta watakuwa wepesi kwenye kibodi. Ukifika uthibitisho, watakuja kuketi karibu na wewe.

Darasani utapita. Sina wasiwasi hata chembe.

Wasiwasi wangu ni tasnifu, ile kazi ya utafiti unayoiandika mwenyewe, na hapa ndipo penye lile jambo. Wewe na wadogo zako mmekua mkisikia watu wa hapa Newala wakiniita Mwalimu Masta. Mama, mimi sina masta. Masomo yote ya darasani nilimaliza, tena kwa alama nzuri, nikarudi nyumbani nikiwa nimebakiza tasnifu. Watu wakaanza kuniita, nami nikasema moyoni, acha waite, si nakaribia kumaliza. Mada yangu ilikuwa "Matatizo ya ufundishaji wa hisabati mkoani Mtwara". Isome tena uone ilivyo pana. Msimamizi wangu alisema, "Endelea, Mwalimu," nikaendelea miezi minane. Kisha akahama chuo. Aliyempokea alifungua sura ya kwanza tu, akaniambia hii mada ni bahari, utaivukaje kwa mtumbwi? Nikaanza upya. Muda wa usajili ukaisha, wakataka ada ya kuongeza muda, na mwaka huo ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, ulikuwa umekula maua ya mikorosho, hela hakuna. Nilisema nitarudi msimu ujao. Ulikuwa darasa la nne.

Chuo sikitaji. Kilikuwa na makosa yake, nami nilikuwa na yangu, nalo la kwangu ndilo la kukusaidia: nilikuwa na mada, sikuwa na swali. Mada unaweza kuizunguka mpaka uzeeke. Swali lina kitu cha kupima. Mathalani ubwiriunga huo huo. "Kompyuta na kilimo cha korosho" ni mada, itupe. Lakini sema hivi: simu ya bei ndogo, isiyo na intaneti, inaweza kuutambua ubwiriunga kwa picha ya jani au ua, na kati ya picha 100 itakosea ngapi? Hapo una cha kupima, una cha kulinganisha na njia za wengine, na siku ya kuitetea mbele ya jopo utasimama na namba mkononi. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, hapa mkoani Mtwara, wamekuwa wakiitafiti mikorosho miaka mingi. Kawaone mapema, kabla hujaandika hata mstari. Ukija kukusanya picha huku, barua ya chuo ipite kwa Katibu Tawala wa Mkoa kwanza, usiingie mashamba ya watu na kamera kienyeji. Sisi tunakujua, wengine watadhani ni kangomba mpya, wale wanunuzi wa korosho kwa magendo.

Msimamizi mtafute wewe, usingoje kugawiwa. Muulize bila haya: ana wanafunzi wangapi, wa mwisho alimaliza lini, anakaa na sura siku ngapi kabla ya kuirudisha. Na yote mnayokubaliana muyaandike. Kazi ikishafika kwa watahini, wa ndani na wa nje, watakurudishia marekebisho. Kila mtu hurudishiwa.

Ulitaja pia ughaibuni. Uingereza wanamaliza kwa mwaka mmoja, krediti 180 kama zetu, ila mwaka huo huwezi kufanya kazi nyingine ya maana. Marekani wengi wanahesabu krediti 30 za kwao, yaani masomo kumi hivi. Georgia Tech tangu 2014 wanaifundisha yote kwa intaneti, na ada yote haifiki dola 10,000. Si haba. Lakini Bodi ya Mikopo bado inakukata asilimia 15 ya mshahara kwa shahada ile ya kwanza, kwa hiyo kaa na karatasi upige hesabu kabla ya kutamani. Na cheti cha nje, ukirudi nacho, lazima Tume ikitambue.

Shamba haliuzwi. Umeliuliza kwa kuzunguka, mimi nalijibu moja kwa moja. Korosho za msimu huu zikipata bei mnadani, muhula wa kwanza nitakushika mkono.

Transkripti yako halisi, ile karatasi ya alama za chuo, iko kwenye sanduku la mama yako, chini ya kanga. Nitaituma kwa basi la Jumanne, uipokee Mbagala Rangi Tatu, kondakta nitampa namba yako. Ndani ya bahasha hiyo utakuta na sura zangu tatu, zimeliwa kidogo na mende pembeni. Ya kwanza na ya pili ziache. Soma ya tatu, pale nilipoeleza nitakusanya data gani, halafu unipigie uniambie, kama mtu asiyekuwa mwanangu, kama bado inafaa kumaliziwa.

Mama yako anakusalimu.

Baba yako