Sanduku la Barua: Picha za Ukoo, Skana na Kanda za Nyanya

Toleo lililopita tulieleza jinsi maktaba za umma za Marekani zinavyohifadhi historia ya Wamarekani Weusi pamoja na wenyewe. Watu huja maktabani na albamu, barua na Biblia za ukoo, vitu vinaskaniwa mbele ya macho yao, kisha wanarudi navyo nyumbani siku hiyo hiyo. Barua zilizomiminika baada ya hapo nyingi zimetoka Mombasa. Tumechagua sita.

*Sisi ni kikundi cha vijana wa Frere Town. Tumepata ukumbi wa kanisa kwa siku moja, skana moja na laptopu mbili. Tupange vipi siku yetu?*
Kikundi cha vijana, Frere Town

Anzeni na wazee, skana itafuata. Picha isiyo na majina, baada ya miaka ishirini, inabaki kuwa nguo na viti tu, na wanaoyajua majina hayo wanapungua kila mwaka. Kwa hiyo wiki mbili kabla ya siku yenyewe, piteni kwa wazee mwaulize wana nini, na mwahakikishe watafika.

Siku ya kazi wekeni meza nne. Ya kwanza ni mapokezi: kila mtu anapewa namba na bahasha, vitu vyake vinahesabiwa mbele yake, idadi inaandikwa kwenye fomu na anatia sahihi. Wekeni kikomo cha vitu kumi kwa mtu. Skana moja, ukiweka picha, ukaipanguza vumbi, ukaigeuza nyuma na kuipa faili jina, inakula dakika mbili hadi tatu kwa kila picha. Kwa saa sita mtafanya picha 120 mkijitahidi, yaani watu kumi na wawili. Mkitangaza kanisani bila kikomo, foleni itafika Kengeleni.

Meza ya pili ni ya mazungumzo, na hapa wekeni vijana wenu wenye subira, wawili wawili: mmoja auliza, mwingine aandika. Nani wako pichani, kutoka kushoto kwenda kulia? Ni wapi? Mwaka gani, au kabla ya tukio gani? Nani alipiga? Andikeni na majina ya utani, kwa sababu mara nyingi mtaa humjua mtu kwa hilo tu. Wazee wawili wakitofautiana, andikeni maneno ya wote wawili na nani alisema lipi. Wengi huiweka meza hii mwisho, baada ya skana, na hapo ndipo kazi inapoharibika: mtu akisharudishiwa picha zake, ana matatu ya kuwahi na sufuria jikoni.

Meza ya tatu ni skana. Picha za karatasi skanini kwa nukta 600 kwa inchi, hati za maandishi 300 zinatosha. Tumieni rangi hata kwa picha nyeusi na nyeupe, maana umanjano wa karatasi na wino wa bluu ulioandikwa pembeni navyo ni habari. Zimeni kila kitu kinachojirekebisha chenyewe, yaani kung'arisha, kuondoa vumbi na kukata kingo. Programu ikiamua kukata ukingo, itaondoka na muhuri wa studio. Skanini na mgongo wa picha pia. Faili asili iwe TIFF, na ya kutazama iwe JPEG. Picha ya inchi nne kwa sita kwa nukta 600 inatoa TIFF ya megabaiti 26 hivi. Mkizipiga mbele na nyuma picha 120, mnahitaji gigabaiti sita na ushei. Jina la faili liwe namba tu, kwa mfano FT-007-03a, ambapo 007 ni mtu, 03 ni picha yake ya tatu, a ni mbele na b ni nyuma. Msitie majina ya watu kwenye jina la faili. Majina hukosewa na husahihishwa, na faili ikibadilishwa jina inapotezana na maelezo yake.

Meza ya nne mtu anakagua kila faili kwa ukubwa kamili kabla ya kitu kurudishwa, kisha mwenyewe anahesabiwa vitu vyake na kupewa flashi yenye nakala. Kosa linaloumiza kuliko yote ni picha ya mtu kuingia bahasha ya mwingine, na sababu yake ni moja: bahasha mbili mezani kwa wakati mmoja. Mezani pa skana iwe bahasha moja tu.

Msidharau vitu vya kawaida. Kule Atlanta, maktaba ya utafiti ya Auburn Avenue ilikusanya programu za mazishi zilizochapishwa, na sasa zinasomeka mtandaoni kupitia maktaba ya kidijitali ya jimbo la Georgia. Programu moja ina tarehe ya kuzaliwa, wazazi, kanisa, kazi na watoto, mambo ambayo kwa Wamarekani Weusi wengi hayakuandikwa kwingine. Nyumba za Wakristo wa Frere Town zina rundo la karatasi kama hizo ndani ya kabati. Kwa jirani zenu Waislamu, ulizeni kadi za arusi, hati za ndoa na za wakfu, na barua za Kiswahili zilizoandikwa kwa khati za Kiarabu.

*Babu wa babu yangu alishushwa Frere Town baada ya kuokolewa kwenye jahazi la watumwa. Tunalo jina lake la ubatizo tu. Wamarekani Weusi hufanyaje wakifika mahali kama hapa?*
Msomaji, Kisauni

Hugonga ukuta, ndugu yetu, na ukuta wao una mwaka: 1870. Katika sensa za Marekani za 1850 na 1860, watumwa waliorodheshwa chini ya jina la bwana wao, kwa umri, jinsia na rangi, bila majina yao. Sensa ya 1870 ndiyo ya kwanza kuwaandika waliokombolewa kwa majina kama watu wengine. Kuruka ukuta huo hutegemea karatasi za pembeni. Ziko za ofisi ya serikali iliyowahudumia waachwa huru, iliyofanya kazi kati ya 1865 na 1872 na kuacha mikataba ya kazi na kumbukumbu za ndoa. Iko pia benki yao ya akiba, ya 1865 hadi 1874, ambayo daftari zake za wateja mara nyingi ziliandika wazazi, ndugu na mahali mtu alikozaliwa.

Frere Town ilianzishwa 1875 na wamishonari wa Kianglikana wa chama cha CMS (Church Missionary Society), na kumbukumbu za chama hicho ziko Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza. Jina la ubatizo hulifunika la kwao, kwa hiyo usitafute kwa jina peke yake. Tafuta kwa mwaka wa kufika, meli iliyomshusha, mtu aliyebatizwa naye siku moja, na shamba alilopewa. Nyumbani uliza nyimbo, miiko ya vyakula na maneno ambayo nyanya aliyatumia na jirani hakuyaelewa. Hayo huonyesha upande aliotoka mtu. Ukipata jina la zamani, liandike pamoja na la ubatizo, usifute lolote.

*Picha zangu za miaka ya sabini ziko kwenye albamu ya kurasa zenye gundi na plastiki juu. Nikizivuta zinachanika.*
Mama wa Kibokoni

Usizivute, mama. Gundi hiyo hukauka na kushika zaidi kila mwaka, na joto letu halisaidii. Kwanza skani ukurasa mzima ulivyo, ukiwa umeinua plastiki kama inainuka kwa urahisi. Hata ukiharibu baadaye, una nakala, na mpangilio wa ukurasa nao umehifadhika. Kisha chukua uzi wa kusafishia meno usio na nta, uupitishe chini ya pembe ya picha na kuuvuta taratibu kama msumeno. Picha inayokataa, iache. Iliyogandamana na kioo cha fremu ndiyo hatari zaidi, maana tabaka la picha limeshikana na kioo. Hiyo piga ikiwa humo humo ndani. Usitie maji, wala usiipashe kwa pasi hata kidogo.

*Simu haitoshi? Skana ni ghali.*
Kijana wa Likoni

Kwa vitu vikubwa, vilivyo kwenye fremu au vilivyoshonwa, simu ni bora. Ilaze sambamba na karatasi, zima flashi, tumia mwanga wa dirisha au taa mbili za pande mbili kwa pembe ya nyuzi 45, na weka kipima muda cha sekunde mbili ili mkono usitikise. Kioo kikiakisi, toboa tundu kwenye kitambaa cheusi upitishe lenzi. Buibui kuukuu linafaa sana. Ukinunua skana, jihadhari na zile nyembamba zinazopata umeme kwa waya wa USB pekee. Nyingi hazioni mbali na kioo, na picha iliyojikunja kidogo hutoka na ukungu upande mmoja. Na usitume faili kwa WhatsApp kama picha, itabanwa. Itume kama hati.

*Nina kanda 14 za nyanya na wenzake wakiimba vugo na lelemama, ngoma za wanawake. Moja ilikwama nikaitoa kwa nguvu.*
Msomaji, Majengo

Hiyo iliyokwama iweke kando, ifanye mwisho ukishapata mkono. Zingine zipeleke mbele hadi mwisho na kuzirudisha mara moja kabla ya kucheza, maana tepu iliyolala miaka hushikana. Safisha kichwa cha redio kaseti kwa pamba na alkoholi ya isopropili, asilimia 90 au zaidi, kila baada ya kanda mbili au tatu. Ukiona pamba imetoka kahawia, ni tepu inayomomonyoka. Sauti ikiwa kama imefunikwa blanketi, huenda kichwa hakijasimama sawa na tepu. Kuna skrubu ndogo pembeni ya kichwa. Fundi wa redio ataizungusha kidogo kidogo hadi sauti ifunguke. Kijisponji kidogo kinachokandamiza tepu ndani ya kaseti nacho hudondoka, na sauti hupotea kabisa; hamishia tepu kwenye kasha zuri la skrubu.

Toa sauti kwenye tundu la laini (line out), si la hedifoni ukiweza, uirekodi kama WAV ya biti 24 na kilohezi 48. Saa moja ya sauti hiyo katika njia mbili ni gigabaiti moja. Hakuna njia ya mkato, kanda ya dakika tisini inataka dakika tisini, na mtu akae asikilize. Vunja vile vijino viwili juu ya kaseti kabla ya yote, usije ukarekodi juu ya nyanya.

*Albamu yangu ina picha za kupamba, sherehe ya arusi ya wanawake peke yao, na humo wanawake hawana buibui. Vijana wanataka kuziskani. Nikatae?*
Mama wa Kuze

Usikatae kuskani, kataa kuzitoa nje. Fomu iwe na visanduku vitatu: wazi kwa wote, kutazamwa ndani ya maktaba tu, na kwa ukoo peke yake. Picha za kupamba ziingie cha tatu. Ridhaa yako haitoshi kwa walio hai wanaoonekana humo, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inalinda taarifa zao pia. Maktaba ikifuta picha mtandaoni leo, haiwezi kuzirudisha nakala zilizokwisha kuchukuliwa. Waambie vijana watenge asubuhi moja ya wanawake peke yao, mezani na kwenye skana pia, na faili zihamie kwenye diski yako kabla hamjafunga mlango, kisha zifutwe kwenye laptopu yao, hata kwenye folda ya vilivyotupwa.

Na picha zako, mama, zikiwa na madoa ya ukungu unaonuka, zitenge na zingine kwanza. Zikaushe kivulini kwa feni isiyozielekea moja kwa moja, kamwe si juani. Zikishakauka, zipanguze nje ya nyumba kwa brashi laini, ukiwa umevaa barakoa. Miezi ya kaskazi ndiyo ya kazi hii, Mei subiri.