Kama utafiti wako unategemea mashine ya MRI, soma hii kabla janga lingine halijabisha hodi

Tarehe 13 Machi 2020 Kenya ilipotangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nilikuwa katikati ya utafiti wangu wa masters hapa Nairobi, picha za MRI (mashine ya sumaku kali inayopiga picha za ndani ya mwili) za ubongo kwa watu wenye presha, kila mtu anapigwa mara mbili, miezi sita katikati. Skani za kwanza nishamaliza. Za pili ndo zilikuwa zinaanza, na hizo ndo utafiti wenyewe, manake bila ya pili ile ya kwanza ni picha tu.

Haikupita muda tukaambiwa mashine ni ya wagonjwa peke yake, na ilikuwa sawa, anayepumua kwa shida ana haki nayo kuliko mimi. Halafu kafyu, halafu Aprili 6 Nairobi ikafungwa, hakuna kuingia wala kutoka mpaka Julai. Kuna mama mmoja wa Makueni alikuwa haachi kunipigia, "Daktari, siku yangu imepita, sasa itakuwaje?" na mimi sina jibu, na hata njia zilipofunguliwa akaniambia anaogopa hospitali kuliko hiyo presha. Wengi walisema hivo.

Kwa hiyo usiwapoteze watu wako. Mimi nilikuwa nawapigia kila wiki mbili, si kuwaita, kuwajulia hali tu, dawa zipo, presha inasoma ngapi, naandika. Tuliporuhusiwa kurudi, waliorudi ni hao. Na wasiorudi pia waandike ni kina nani, kwa sababu anayekuja mara nyingi ni wa karibu na mwenye nafuu, ukichambua hao peke yao utadhani ubongo wa watu wa presha uko salama kumbe waliozidiwa wamebaki nyumbani.

La pili ni fantomu, lile kopo lililofungwa lenye maji maalum linalopigwa picha kama mtu ili ujue mashine inasoma vilevile. Nilimuomba radiografa wa zamu, yule anayepiga picha, apige moja kila Jumatatu, dakika chache tu, hata wakati utafiti umesimama. Katikati ya lokidauni programu ya mashine ikabadilishwa na hakuna aliyeniambia. Nilijua kwa kopo: maji yaleyale, kopo lilelile, ghafla linang'aa zaidi. Bila zile picha ningeandika kwamba ubongo wa wagonjwa umebadilika!

Barakoa jamani. Desemba 2020 FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, walitoa onyo, mgonjwa ameungua usoni ndani ya MRI, alama imefuata kile kiwaya cha puani. Usimuulize mtu tu kama yake ina chuma, mpe mliyoikagua nyie wenyewe, pitisha kidole pale juu maana kingine kimeshonewa ndani hukioni.

Na nyie wa kompyuta, mwaka 2020 watu walikimbilia kufundisha programu zitambue korona kwenye eksirei na CT (eksirei za kompyuta zinazoonyesha mwili kipande kwa kipande) za kifua. Timu iliyoongozwa na watafiti wa Cambridge ikachambua tafiti 62, ripoti ikatoka 2021, hawakukuta hata moja inayofaa kutumika kwa wagonjwa. Kuna waliochukua eksirei za watoto wa mwaka 1 hadi 5 wenye nimonia wakaziweka upande wa "hana korona", sasa programu si itajifunza tu kumjua mtoto na mtu mzima? Tena mahututi anapigwa kitandani, mwenye nguvu anapigwa amesimama, programu inajifunza kulala na kusimama. Kila picha iandikie umri, alikaaje, mashine ya kusukuma mpaka kitandani au ile ya chumba cha eksirei, tarehe ya kipimo cha korona. Andika siku hiyohiyo, baada ya mwezi hakuna anayekumbuka.

Yule mama wa Makueni alikuja Novemba, miezi 14 badala ya sita. Supavaiza alitaka tumtoe, nikaomba tumbakize, kwenye hesabu nikaweka miezi halisi ya kila mtu badala ya kujifanya wote ni sita, na ikakubalika. Alikuja na daftari la shule, ameandika presha yake wiki kwa wiki toka Aprili, kwa kalamu mbili tofauti, akanikabidhi kabla hata hajakaa.